Jicho la Bi. Lorna na Kizimba cha Tisa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukagua mashavu ya samoni hapa kwenye shamba letu la samaki la Dover, Bi. Lorna Tatnell anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Februari. Nimeombwa niandike kwa sababu nimefanya naye kazi katika mashua moja kwa miaka kumi na tisa. Walioniomba hawakujua kwamba miaka yote hiyo nimemwonea wivu.

Alianza kama mshona nyavu. Siku moja mkaguzi aliugua, Lorna akashikishwa tochi, na mwenye tochi hakuiona tena. Amiba, kijidudu kinachoshambulia mashavu, inapovamia samaki wakati wa joto, yeye hufunua shavu, hutazama madoa meupe ya ute na kutaja alama: sifuri ni mzima, tano ni wa kuzikwa. Mimi naandika.

Tulikuwa na mchezo wetu. Tukitofautiana, anayekosea ananunua pai za bizari. Muuza pai ananijua kwa jina. Lorna hamjui hata sura. Nami ndiye niliyesomea ugonjwa huu chuoni! Nilipomkumbusha, alinijibu mbele ya watu, "Garth, bwana, samaki hajakiona cheti chako." Wote walicheka isipokuwa mimi.

Mwaka juzi, kwenye kizimba cha tisa, kimojawapo cha vizimba vya nyavu tunamofugia samaki, Lorna alitaja mbili, akataka samaki waogeshwe kesho yake kwa maji yasiyo na chumvi, ndiyo tiba yetu. Nami niliona mbili. Nikaandika moja, nikamng'ang'ania meneja mpaka akaniamini, ili walau mara moja mwenye jicho niwe mimi. Kuogesha kukasogezwa wiki nzima.

Jumamosi, siku yake ya mapumziko, Lorna alirudi akakagua samaki arobaini upya. Walishafika alama ya tatu. Aliwaita watu wa zamu, samaki wakaogeshwa siku ileile, na kizimba kikapona. Kwenye ripoti aliandika kwamba tulikagua wote wawili, na ripoti hiyo ndiyo iliyonipandisha cheo. Wivu ukazidi, maana hata kwa wema alinishinda.

Hakuniuliza kitu. Jumatatu alikuja na pai mbili, kana kwamba aliyekosea ni yeye, akasema, "Kula kabla haijapoa." Nikala.

Asante kwa yote, Bi. Lorna. Ukaishi vyema, tena na miguu mikavu. Pai za Ijumaa, za shamba zima, nanunua mimi. Ilikuwa mbili, na niliiona.