Tiketi ya Kwenda Tu: Kumuaga Mwalimu Wen wa Idara ya Kauri

Dk. Vendelin Hruska, ambaye hapa chuoni Lampang kila mtu humwita Ajaan Wen, yaani Mwalimu Wen, anastaafu tarehe 30 Septemba, baada ya kuitumikia Idara ya Kauri kwa miaka ishirini na saba na miezi minne. Waliokuwapo idarani siku alipofika na bado wapo kazini ni watatu tu: mwandishi wa wasifu huu, fundi wetu wa tanuri, na tanuri namba mbili.

Alikuja Juni 1997, mvua zikianza, akiwa na mkataba wa mwaka mmoja, vipimajoto vitatu vya tanuri na sanduku la nguo za sufu. Koti lake zito lilimfaa mlinzi wa geti kila Desemba kwa miaka tisa. Kwao ni Modra, mji mdogo wa wafinyanzi huko Slovakia. Baba yake alikuwa mfinyanzi, na dada yake, Bozena, bado anaishi katika nyumba waliyozaliwa. Kwa miaka mitatu ya mwanzo Ajaan Wen alisema kila Juni kwamba huu ndio mwaka wake wa mwisho. Mwaka wa nne hakusema kitu. Alinunua mtungi mkubwa wa maji ya kuogea, akauweka nyuma ya nyumba aliyopanga.

Kazi yake imeandikwa katika bonde zima la mto Wang. Alilitembea kwa miguu, begi begani, akichimba udongo kiganja kwa kiganja, mpaka akatupatia ramani ambayo wanafunzi wetu wanaitumia hadi leo. Yeye ndiye aliyepata namna ya kutumia majivu ya pumba za mpunga kuvipa vyombo ganda la kung'aa, rangi ya maziwa yaliyochujuka. Karakana ndogo za familia, zilizokuwa zikingoja unga wa kung'arisha kutoka mbali, sasa zinachoma pumba za jirani. Hakuipa rangi hiyo jina. Wafinyanzi wenyewe wanaiita rangi ya Ajaan.

Alikuja akiamini vipimajoto vyake tu. Mjomba Inpan, fundi wetu wa tanuri, hajawahi kuwasha moto bila kuweka shada la jasmini na kitonge cha wali kwenye mlango wa tanuri. Ajaan Wen aliliona jambo hilo, akanyamaza kwa adabu. Mwaka 2003 Mjomba alikuwa msibani, vijana wakawasha bila maua, na mabakuli mia tatu yakapasuka. Katika daftari la tanuri, mahali pa kuandika sababu, Ajaan Wen aliandika kwa mkono wake: "Moja, limepoozwa upesi. Mbili, hapakuwa na maua." Tangu siku hiyo, Mjomba akiwa hayupo, shada hununuliwa na Ajaan mwenyewe.

Adabu yake hiyo ilimponza mapema. Wiki yake ya pili, Shangazi Saengla wa mkahawa wa chuo alimpa bakuli la mchuzi wa majani machungu, chakula ambacho hata baadhi yetu wenyeji tunakimeza kwa kufumba macho. Alipoulizwa, akasema ni mtamu sana. Shangazi akafurahi, akampikia kila Jumatano. Ilimchukua miaka mitano kuupenda kweli. Siku moja ya mwaka wa sita Shangazi alipika kitu kingine, na Ajaan akazunguka na sinia lake kama mtu aliyepotelewa na miwani.

Wanafunzi wake watamkumbuka kwa zoezi la somo la kwanza. Kabla ya kugusa udongo, kila mmoja aliandika jambo moja lililomfurahisha siku hiyo, kwa sharti kwamba liwe dogo la kuweza kutiwa mfukoni. Mitihani na wachumba havikuruhusiwa. Yeye naye aliandika pamoja nao, na karatasi zake zimehifadhiwa ofisini. Tunanakili chache, bila mpangilio, kama zilivyokuwa. Kata ya kwanza ya maji ya mtungi begani, saa kumi na moja jioni. Kitonge cha wali wa kunata kinavyotulia kiganjani kabla ya kuchovya. Sokoni saa mbili kamili asubuhi, wimbo wa taifa unapopigwa na watu wote wanasimama, hata mchi wa pilipili hewani. Kahawa ya barafu ndani ya mfuko wa plastiki, ikining'inia kwenye usukani wa baiskeli. Kinyozi anapomalizia shingo. Mbwa aliyelala juu ya kiti cha pikipiki ya mtu, na mtu mwenyewe anasubiri aamke.

Kuna moja ya mwaka 2011, baada ya dada yake kuugua na kupona: "Leo nimekaa dakika kumi bila kujua niko nchi gani, na sikuwa na haja ya kujua." Aliyewahi kuishi mbali na kwao atauelewa mstari huo bila maelezo.

Sasa tunafika mahali ambapo wasifu wa kawaida ungetaja zawadi na kumalizia. Mwaka huu zawadi yenyewe ilikuwa kosa, nasi tunaona heri liandikwe.

Julai idara ilikaa kikao kuhusu zawadi yake. Wastaafu wetu hupewa bakuli la fedha. Mtu mmoja akasema kwamba Ajaan Wen ni mgeni, dada yake amezeeka, na kibali chake cha kuishi nchini kinafungamana na ajira, kinakwisha siku ile ile kazi inapokwisha. Basi tumpe tiketi ya ndege ya kwenda kwao, ya kwenda tu, tarehe 4 Oktoba. Mikono yote ikanyooka, na wa mwandishi huyu ukiwemo. Hakuna aliyeuliza kama mwenyewe anataka kwenda. Kila mmoja alikuwa na sababu ya heshima. Kumuuliza mzee kama anataka kurudi kwa dada yake kungekuwa kama kumzuia, na kutouliza ndiko kulikoonekana kuwa kumjali.

Mkuu wa idara, Dk. Ratchanikon, ambaye alifundishwa na Ajaan Wen tangu mwaka wa kwanza, alimkabidhi tiketi Agosti katika chakula cha mchana. Ajaan aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akashukuru. Tulipiga makofi. Dk. Ratchanikon akatoka nje, akarudi na macho mekundu, na sote tukajifanya hatukuona. Ajaan naye aliwaza yake: wenzangu wameona muda wangu umefika, kukataa ni kuwatahayarisha. Akamwandikia dada yake, akaanza kugawa vitabu.

Kumbe aliyetaka kubaki kama mstaafu alipaswa kupeleka maombi uhamiaji kabla ya siku ya mwisho ya kazi, akiwa na barua ya idara. Barua haikuandikwa kwa kuwa tulidhani anaondoka. Hakuiomba kwa kuwa alidhani tunataka aondoke.

Tarehe 9 Septemba alikuwa mkahawani akithibitisha tarehe zake kwa ajili ya ukurasa huu. Alipotaja tarehe 4 Oktoba, Shangazi Saengla aliacha kupakua.

"Unakwenda kufanya nini huko, Ajaan?"

"Kupumzika, Shangazi."

"Hapa umechoshwa na nini?"

"Sijachoka."

"Sasa?"

"Wamenipa tiketi."

"Na wangekupa jeneza, ungeingia?"

Ajaan Wen alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena hakuwa anacheka. Alisema taratibu, huku akiitazama meza, "Shangazi, mimi sitaki kwenda." Kwa muda wote tangu Agosti, hiyo ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwake.

Shangazi hakungoja. Alivuka ua na aproni yake, upawa mkononi, akaingia ofisi ya mkuu wa idara bila kubisha. Yeye ndiye aliyemlisha Dk. Ratchanikon miaka yake yote ya uanafunzi, na haki hiyo anaitumia, kuanzia kumfupishia jina.

"Wewe Nik! Ulimuuliza?"

"Nani, Shangazi?"

"Mzungu wako! Ulimuuliza kama anataka kwenda?"

"Nilimwonea haya."

"Na yeye amekuonea haya kukataa. Endeleeni kuoneana haya mpaka ndege iruke."

Dk. Ratchanikon alitoka mbio, naye ni mtu asiyekimbia hata mvua ikinyesha. Alimkuta Ajaan bado amekaa mbele ya bakuli lililopoa. Walioshuhudia wanasema alipiga magoti kando ya kiti, kama wanafunzi wanavyofanya siku ya kuwaheshimu walimu, akauliza swali ambalo tulipaswa kuliuliza Julai: "Ajaan, unataka kubaki?" Naye akajibu, "Nataka. Samahani kwa tiketi." Mwalimu huyu, akiwa hatarini kufukuzwa na zawadi yetu, alituomba radhi sisi.

Siku zilizofuata idara ilifanya kazi kama tanuri lililochelewa. Barua iliandikwa mara tatu, kwa kuwa mara mbili mihuri ilipigwa pembeni. Mjomba Inpan, ambaye nyumba aliyopanga Ajaan ni ya mke wake, alisaini kwamba mtu huyu anaishi kwake na ataendelea kuishi kwake. Tulikwenda uhamiaji watu wanne kwenye gari moja. Afisa alizisoma karatasi, akamtazama Ajaan juu ya miwani.

"Miaka ishirini na saba, halafu unakuja mwezi wa mwisho? Ulikuwa wapi?"

Ajaan alifungua mdomo, pengine kuomba radhi tena. Mjomba akamtangulia. "Tulikuwa bado tunamuaga, bosi."

Afisa hakucheka. Lakini aliipokea bahasha, na tarehe 24 Septemba jibu lilitoka: Ajaan Wen ana ruhusa ya kukaa. Tiketi nayo imerekebishwa. Ataondoka tarehe 4 Oktoba kama ilivyopangwa, akae na dada yake majuma manne, na Novemba mosi atarudi. Dada yake, alipopigiwa simu, alisema alishangaa sana barua ya Agosti ilipomwambia kwamba kaka yake anahamia kwake, maana chumba chake alishakifanya stoo ya vitunguu.

Kwa hiyo hatumuagi mtu anayeondoka nchini. Tunaaga saa zake za darasani, sahihi yake kwenye daftari la tanuri, na sauti yake ya upole akimwambia mwanafunzi kwamba bakuli lake lina nafasi ya kuwa bora. Hizo zinakwisha kweli, na tutazikosa.

Tarehe 30, kama ilivyo desturi, sisi wadogo zake tutapanga mstari na kumwagia mikono yake maji yenye maua, huku tukimuomba atusamehe tuliyomkosea, tuyajuayo na tusiyoyajua. Katika sherehe nyingi maneno hayo husemwa haraka, kwa kuwa hakuna mwenye kosa la kutaja. Safari hii, Ajaan, tunalo moja na tutalitaja: tulikupangia maisha yako bila kukuuliza. Tunakushukuru kwa udongo, kwa majivu, kwa karatasi za mfukoni, na kwa lile neno moja ulilolisema mkahawani muda ulipokuwa bado upo.

Uwe na afya, upate usingizi mzuri wa mchana, na kila ukitakacho utuambie. Ishi vyema, Mwalimu, na ishi karibu.