Miaka Ishirini na Tisa na Marahaba Moja

Wafanyakazi wote wa Kituo cha Sanaa na Habari, Bongwe, wanatangaziwa rasmi kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 3 Novemba 2025, friji ya jikoni itaruhusiwa kunguruma mchana kutwa. Uamuzi huu haukufikiwa kwa wepesi. Maziwa yaliyoganda, juisi zilizochacha na samaki mmoja ambaye hatutamzungumzia vyote vilizingatiwa. Imeonekana hakuna tena sababu ya kuizima, kwa kuwa anayeizima anaondoka.

Bwana Ziro Kavumbi, ambaye hapa hatujawahi kumwita ila Mzee Ziro, anastaafu Ijumaa hii tarehe 31 Oktoba, baada ya kukitumikia kituo miaka ishirini na tisa na miezi minane. Anaondoka akiwa mnasa sauti wetu mkuu. Mnasa sauti mdogo hatujawahi kuwa naye.

Aliingia Machi 1996 akitokea Mkongani, mkononi leseni ya udereva na barua ya pasta wake. Akapewa gari la sinema. Kazi yake ilikuwa kwenda kijiji hadi kijiji, kufunga shuka jeupe baina ya miti miwili, kuwasha jenereta na kuonyesha filamu za vyandarua, vyoo na utunzaji wa mikorosho. Katika safari hizo alijifunza kitu ambacho hakufundishwa na mtu: kusikiliza. Watu mia tatu wakiangua kicheko uwanjani, yeye kwa mbali alikuwa anajua kwamba plagi ya jenereta imeingia masizi.

Gari lilistaafu kabla yake, mwaka 2008. Bado liko nyuma ya ofisi na kuku hutagia humo. Mwaka huo huo mkurugenzi wetu, Bi Eunice, aliitisha mkutano kuuliza nani anaweza kushika maikrofoni. Kila mtu alitazama viatu vyake. Mzee Ziro hakulisikia swali, kwa sababu alikuwa anaisikiliza feni. Akasema feni ina kitu. Alipewa kazi siku hiyo hiyo.

Vifaa alivyokabidhiwa vilikuwa maikrofoni moja na kitabu cha maelezo kwa lugha ambayo hakuna aliyeitambua. Vingine alijitengenezea. Maikrofoni aliifunga kwenye mti wa kuangulia mapapai. Ili upepo usiingie ndani yake, aliivisha ngozi ya mbuzi yenye manyoya, akaishona mwenyewe. Ngozi ilifanya kazi vizuri sana, isipokuwa haikuwa imekauka sawasawa, na kwa mwaka mzima wa kwanza paka wa kila mtaa tuliopita walimfuata kama maharusi. Studio alituundia ndani ya kabati la nguo lililotandikwa magodoro pande zote. Wageni wakija huonyeshwa studio hiyo kwa fahari, ila hatuwafungii mlango.

Jambo lake kubwa lakini lilikuwa daftari. Humo aliandika kila kelele ya Kusini mwa Pwani na saa yake. Ndege ndogo za watalii wa Diani zilikuwa na ukurasa wao. Mashine ya kusaga nazi ya jirani ilikuwa na wake. Misikiti iliyo karibu na ofisi haiadhini kwa sekunde moja. Mmoja hutangulia, wa pili hufuata, na wa tatu huwangoja wote wawili wamalize ndipo aanze. Mzee Ziro, ambaye Jumapili ni mtu wa kanisani, alizijua nyakati hizo kuliko baadhi yetu tunaotakiwa kuzijua. Kunguru aliwaandika peke yao mwisho wa daftari, chini ya kichwa cha maneno "Wasio na ratiba".

Kwa miaka mingi ujuzi huo haukuonekana. Filamu zetu zilikuwa za mafunzo: picha huku, msimulizi kule, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba chandarua hakisikiki vizuri. Mpaka mwaka juzi Feisal, mwongozaji wetu ambaye pia ni mpigapicha na mhariri, alipotengeneza filamu fupi ya hadithi. Tuliipeleka kwenye tamasha moja la filamu fupi. Ilirudi na barua ya maneno manne: "Picha nzuri. Mazungumzo hatukuyasikia." Bi Eunice alituruhusu kujaribu mara moja tu nyingine. Akatangaza, bila kumtazama mtu, kwamba ikirudi na ya pili, tutarudi kwenye vyandarua. Mzee Ziro, aliyebakiwa na miezi kumi kazini, alimaliza chai yake, akainuka, akaosha kikombe. Hatukuwa tumewahi kumwona akiosha kikombe.

Filamu ya pili inaitwa Kitanda Kinauzwa. Ina dakika kumi na mbili. Mjane anauza kitanda alichofia mumewe, na mteja anapokuja kukichukua, mjane anakilalia na kukataa kuinuka. Tuliipiga Msambweni kwa siku nne mwezi wa Mei, nyumbani kwa Bi Mwanarusi, muuza vitumbua na barafu, ambaye pia ndiye aliyeigiza mjane. Hakuwa ameigiza maishani mwake. Nyumba aliichagua Mzee Ziro, kwa sababu ni ya makuti, na mvua ikinyesha juu ya makuti mtu bado anaweza kuzungumza. Juu ya mabati, mvua huzungumza peke yake.

Tatizo lilikuwa friji ya barafu. Siku ya kwanza Mzee Ziro aliizima na kusahau kuiwasha, na asubuhi Bi Mwanarusi akawa na maji ya kuuza. Kuanzia siku ya pili, alipovua ndara zake mlangoni, alizitia ndani ya friji na kuizima. Hawezi kwenda zake bila ndara, na hawezi kuchukua ndara bila kukumbuka. Alirudi nyumbani na miguu baridi siku tatu, na barafu haikuyeyuka tena.

Sasa tunafika siku ya nne, na hapa inabidi mwandishi aandike kwa uangalifu.

Ilibaki picha moja, ile ya mjane kukilalia kitanda na kulia. Mwanga wetu ulikuwa jua la alasiri lililorudishwa na bati jipya lililoegemezwa uani. Betri ya kamera ilikuwa moja, kwa kuwa ya pili ilikuwa imevimba. Bi Mwanarusi naye alikuwa ameshatoa masharti yake. "Mimi si bomba la maji, wanangu," alisema. "Nalia mara moja."

Mzee Ziro alitazama daftari. Adhana ya alasiri imeshapita, ndege hakuna. Jogoo wa jirani alishatiwa chini ya pakacha tangu saa nane. Akasimama kando ya dirisha, mti mikononi, maikrofoni juu ya kitanda, akaashiria kwa kichwa kumwambia Feisal aanze. Bi Mwanarusi akalala, akaweka shavu juu ya ubao wa kitanda, akaanza kulia polepole, kama mtu anayefungua fundo.

Nje ya dirisha akapita Waziri, fundi baiskeli wa mtaa ule, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyelelewa vizuri. Aliona mgongo wa mtu mzima mwenye mvi. Akasema alivyofunzwa kusema. Na Mzee Ziro, aliyekuwa amepangia zamu misikiti mitatu, uwanja wa ndege na jogoo, akajibu.

"Marahaba."

Neno lilitoka kabla ya mwenyewe. Lilitoka zito, la heshima, karibu kabisa na maikrofoni. Bi Mwanarusi, Mungu ampe umri, hakusita. Alilia mpaka mwisho, na betri ikazimika naye. Alipoinuka alijifuta kwa ncha ya leso, akamgeukia Mzee. "Ziro, umetunyamazisha siku nne. Kumbe nafasi ulikuwa wajiwekea wewe!"

Wiki tano zilizofuata Feisal alikuwa anajaribu kuifuta marahaba ile. Alifanya kazi kwenye kompyuta ambayo ikishika moto huwekwa juu ya sinia la barafu. Alikata neno, likaondoka na pumzi ya Bi Mwanarusi, na kilio kikawa kama cha mtu aliyepaliwa. Alilifunika kwa mawimbi, ikawa bahari imeingia chumbani ghafla na kutoka. Alilifunika kwa jogoo, na hilo tuliliangalia mara moja tu. Tulimleta Bi Mwanarusi Bongwe alie upya ndani ya kabati letu. Alikaa humo dakika kumi, akatoka akicheka. Alisema, tena kwa haki, kwamba hajapata kumlilia mume kabatini. Mzee Ziro aliomba jina lake litolewe kwenye orodha ya mwisho wa filamu. Feisal aliendelea kukata. Zilibaki siku kumi na moja kabla ya mwisho wa kupokea filamu.

Asubuhi moja Mzee Ziro aliingia getini, akaitikia salamu ya askari wetu, akasimama. Alibaki pale kama mtu aliyesahau funguo. Kisha akaja moja kwa moja kwa Feisal na kumweleza. Kosa, alisema, si marahaba. Kosa ni kwamba shikamoo ya Waziri ilikuwa nje na mbali, haikunaswa. Mtazamaji anamsikia mzee asiyeonekana akimjibu mtu ambaye hayupo. Jibu bila salamu litamfanya afikiri nyumba ina jini. Akizisikia zote mbili, atajua tu kwamba nje kuna mtaa, na watu wanapita, na mjane analia huku dunia inaamkiana. Kilichotakiwa si kutoa neno. Kilichotakiwa ni kuongeza.

Wakarudi Msambweni kumtafuta Waziri. Alikubali mara moja, akaenda kuvaa kanzu. Mbele ya maikrofoni alisema shikamoo mara kumi na nne, na zote alikuwa kama anamwamkia gavana jukwaani. Mzee Ziro alimshukuru na kumwacha aende. Akaamua amnase bila yeye kujua: atie kinasa sauti ndani ya kikapu, apite mbele ya kibanda chake kama mpita njia, aamkiwe. Kazi yake ilikuwa moja tu, asijibu, ili sauti ibaki safi.

Wasomaji wa mahali pengine huenda wasielewe ugumu wa jambo hili. Mzee Ziro ana umri wa miaka sitini, na katika miaka hiyo hajawahi kuacha shikamoo ya mtu ikaanguka chini. Siku ya kwanza alijibu kabla Waziri hajamaliza. Siku ya pili alijiuma mdomo, na jibu likatoka puani. Siku ya tatu alisimama kwenye bomba lililo kabla ya kibanda, akajaza maji mdomoni, akapita.

Waziri akaamkia. Mzee akaendelea kutembea, mashavu yamevimba. Waziri akaamkia tena kwa sauti zaidi. Mzee akahesabu hatua saba, kwa kuwa sauti nayo inahitaji mkia wa kukatia. Nyuma yake alisikia spana ikiwekwa chini na Waziri akiwaambia wateja wake, "Mwamuona huyo? Tangu aanze mambo ya sinema, hapokei tena salamu za sisi watu wa mafuta."

Hatua ya nane Mzee Ziro alimeza maji, akageuka, akarudi. Akampa Waziri marahaba zake mbili, akamwomba radhi, akamwonyesha kikapu. Kisha akauliza hali ya nyumbani, na ya wazazi, na ya yule mtoto aliyekuwa na homa, mpaka deni la ukimya likaisha. Ilichukua saa moja na robo. Shikamoo tuliyoitumia ni ile ya kwanza ya siku hiyo.

Filamu ilitumwa tarehe 29 Juni, siku moja kabla ya mwisho, baada ya umeme kupotea mara mbili na Feisal kupanda juu ya tangi la maji kutafuta mtandao. Barua ya kukubaliwa ilifika Agosti. Ilisema kwamba salamu ile ya dirishani ndiyo iliyowafanya waamini nyumba yote. Bi Eunice ameitia barua hiyo kwenye fremu. Filamu ya tatu imeruhusiwa, na vyandarua vimeambiwa vingoje.

Mzee Ziro, daftari umetuachia, na mti wa mapapai, na ngozi ambayo paka wapya nao wameshaigundua. Kila aliyewahi kusikika kupitia kituo hiki alisikika kwa sababu wewe ulinyamaza. Ahsante sana. Nenda Mkongani ukalime, jogoo wako awike apendapo, mvua ikupigie mabati, wajukuu wakuamkie usiku na mchana nawe uwajibu wote bila kutazama maikrofoni iko wapi. Tunakuombea siku ndefu, njema na zenye kelele.

Kwa kumbukumbu za ofisi: Kitanda Kinauzwa kilionyeshwa Msambweni kwa mara ya kwanza Jumamosi tarehe 18 Oktoba, mbele ya watu mia moja na themanini. Mzee Ziro alikaa safu ya pili, kati ya Bi Mwanarusi na Waziri. Dakika ya tisa, shikamoo ya Waziri ilitoka kwenye spika, safi kabisa. Wazee wote waliokuwamo ukumbini wakaitikia. Marahaba ya Mzee Ziro kwenye spika hakuna aliyeisikia.