Panya Asiyekunywa Maji

Waliokuwepo asubuhi ile ni hawa. Meja, mlinzi wa ghala la mbao, ambaye hakuwahi kuwa meja wala askari wa cheo chochote. Daktari, ambaye kazi yake ni kuchanja kuku. Bi Kahawa, mwenye birika na mwenye benchi, na kwa hiyo mwenye neno la mwisho. Fundi Saa, ambaye peke yake kati yetu aliitwa kwa kazi anayoifanya kweli. Na mimi, karani mstaafu, ninayeitwa Kamusi. Jina hilo sikulichagua. Benchi letu lina sharti moja tu: hakai mtu bila kikombe mkononi.

Sharti hilo lilikuwa limeanza kumtesa Fundi Saa. Figo zake zilikuwa zimechoka kutoa maji mwilini, na hospitali ilikuwa imempimia maji: kikombe kimoja kwa siku, chai, mchuzi na ya kumezea dawa yakiwa humo humo. Kahawa yake alikuwa akiishika mpaka ipoe, kisha Meja anainywa kwa niaba yake. Asubuhi ile alitueleza kwamba ameota anakunywa maji ya mtaro, na yalikuwa matamu. Alisema anaogopa, ipo siku atashindwa kujizuia.

— Kuna viumbe jangwani vinaishi hivi maisha yao yote, akasema. Nifundisheni vinafanyaje. Nisipopata mbinu, jamani, mimi sifiki mbali.

Meja akajitosa wa kwanza, kwa kuwa hudai aliwahi kupelekwa jangwani kikazi. Akasema ngamia amebeba pipa la maji kwenye kigongo. Nikamwambia kwamba hiyo huitwa nundu, na kilichomo ni mafuta.

— Kamusi, umewahi kuifungua?

— Hapana.

— Basi tulia.

Hata hivyo akarudi nyuma kidogo: haya, mafuta. Kumbe dawa ni Fundi anenepe. Fundi Saa, ambaye siku hizo suruali yake ilishikiliwa na kamba, akasema atajitahidi.

Bi Kahawa akaleta mende. Alisikia redioni kwamba kuna mende wa jangwani ambaye alfajiri, ukungu ukishuka, huinamisha kichwa na kuinua makalio, unyevu ukamkusanyikia mgongoni na kumtiririkia mpaka mdomoni. Meja akataka jaribio lifanyike hapo hapo, akaahidi kumshika Fundi miguu.

— Na hiyo si kunywa? akauliza Fundi Saa.

— Umande hauhesabiwi, akasema Bi Kahawa. Hospitali hawana kipimo cha umande.

Meja hakukubali kushindwa na mende. Akatuletea kobe anayetunza mkojo wa mvua iliyopita ili autumie tena, na Bi Kahawa akamwambia habari hizo azipeleke kwenye benchi la mtu mwingine. Akahamia kwa mjusi anayeinua mguu huu na kushusha ule kwa sababu ya mchanga wa moto. Huyo, kwa maelezo yake, ndiye aliyewafundisha askari gwaride. Akamalizia na chura anayelala chini ya ardhi miaka na miaka akingoja mvua, na akiamka jambo la kwanza anauliza nani yuko madarakani. Fundi Saa alicheka mpaka kahawa ikamwagikia vidoleni.

Zamu ikawa ya Daktari. Akaweka kikombe chini.

— Mnahangaika bure. Yupo panya wa jangwani ambaye hanywi maji kabisa. Mchana anajifungia shimoni, usiku anatoka kula mbegu kavu. Hizo hizo mbegu zinamtosha.

Fundi Saa akasogea karibu naye. Akataka kujua ni mbegu gani, shimo lina kina gani, na siri yenyewe iko wapi.

— Siri ni figo, akasema Daktari. Huyo ana figo kali, hapotezi hata tone…

Hapo akakumbuka anazungumza na nani. Nimekaa na Daktari miaka mingi, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kweli bila kuongeza chumvi. Wote wakanigeukia mimi, mtu wa kusahihisha. Sikuwa na la kusahihisha.

— Basi huyo panya tumruke, akasema Fundi Saa. Turudi kwa mende.

Wakati huo alikuwa amesimama nyuma yetu mwanamke mmoja aliyeleta saa ya ukutani itengenezwe. Hakutufahamu, wala hakujua habari za figo za mtu. Akauliza kwa nia njema kabisa:

— Samahani, wazee wangu. Hao wanyama, kiu wanaisikia au hawaisikii?

Fundi Saa aliipokea saa ya yule mama, akaitegea sikio, akaiweka chini. Kisha akakitazama kikombe chake. Kilikuwa bado kina moto, na Meja alikuwa ameshanyoosha mkono. Hakumpa. Akainywa kahawa yote, polepole, mpaka machicha, akamwomba Bi Kahawa aongeze.

Bi Kahawa akaongeza.

Fundi Saa alifariki Jumatano iliyofuata, hospitalini.