Glenys Ackroyd, Mpiga Besi Aliyezikataa Nyimbo za Zamani

Wasikilizaji wapendwa, leo nashindwa kutulia kwenye kiti hiki, mnivumilie. Glenys Ackroyd amefariki. Glenys, mpiga besi wa bendi yetu ya hapa Sheffield, Zamu ya Tatu, amefariki Jumanne akiwa na miaka sitini na minne.

Hakuwa mtu wa kutulia hata yeye. Mwaka 1979 alikuwa na miaka kumi na tisa. Mchana anafungasha visu kiwandani, jioni anapiga besi kwenye ghala linalovuja. Muziki wa panki ulikuwa umeshapiga kelele zake ukachoka. Hawa wa Zamu ya Tatu wakaja na kitu kingine: gitaa kavu kama bati, ngoma za kukatikakatika, na besi ya Glenys ikitangulia mbele ya wote kana kwamba inafukuzwa. Wimbo wao mmoja, "Moshi", tuliuimba mji mzima.

Wimbo huo ndio uliowavunja. Mwaka 1983 walikuwa Rotterdam, Uholanzi, kwa maonyesho. Mwimbaji wao, Keith Lomas, akataka waurekodi upya, uwe wa polepole, wa kupendeza. Glenys akaweka besi chini.

"Unakwenda wapi?" Keith akauliza.

"Nyumbani."

"Tuna onyesho saa mbili!"

"Basi pendezeni."

Akapanda meli peke yake. Hawakusemezana miaka thelathini na sita. Narudia: thelathini na sita.

Glenys akawa dereva wa basi. Akamlea binti yake, Bryony, peke yake. Asubuhi moja ya mvua, mwaka 2019, nani anapanda basi lile? Keith.

"Umenenepa," Glenys akamwambia.

"Na wewe ulimi haujapungua."

"Kaa au shuka. Watu wanawahi kazini."

Keith akakaa hadi mwisho wa njia. Basi lilipobaki tupu, akamwambia kuna watu wanataka bendi irudi, ipige nyimbo zile zile.

"Zile zile? Si wana santuri? Wakae nazo majumbani kwao. Mkiwa na jipya, niiteni."

Jipya halikuwepo. Ikabidi walitunge. Na hapo vidole vya Glenys vilikuwa vimeshaingiwa na baridi yabisi. Viwili vya mkono wa kushoto havikukunjika tena. Bryony ananiambia, "Alikuwa anafanya mazoezi jikoni, chai inapoa. Nikimwambia, Mama, pumzika, ananijibu, 'Pumzika wewe, una miaka thelathini, muda unao.'"

Kwa vidole vilivyobaki akatafuta njia nyingine. Sauti chache, kimya kirefu katikati, kisha mruko wa ghafla. Keith aliposikia mara ya kwanza alikuna kichwa.

"Glenys, hii mimi siwezi kuiimbia."

"Ndiyo maana nimekuletea wewe."

Keith akajifunza. Santuri mpya ikatoka mwaka jana, miaka arobaini baada ya bendi kuvunjika.

Nilikuwepo siku walipoizindua. Nyimbo mpya tupu. Baada ya wimbo wa nne, watu wakaanza: "Moshi! Moshi!" Nakiri, wasikilizaji, nami nilipaza sauti. Glenys akasogelea kipaza sauti.

"We mzee mwenye koti la kijani, sikiliza kwanza. Ikikushinda, baa iko nyuma yako."

Koti hilo lilikuwa langu. Wengi walikwenda baa kweli, hawakurudi. Mimi nilibaki kwa aibu. Wimbo wa mwisho ulipoanza, aibu ilikuwa imeshanitoka, miguu inacheza bila kuniuliza.

Ugonjwa wa mapafu ndio uliomchukua. Bryony ameikagua simu ya mama yake, amekuta vipande kumi na viwili vya besi ambavyo hakuna aliyejua kuwa vipo. Cha mwisho alikirekodi Jumatatu, kitandani.

Bryony, pole sana. Keith, pole, na bendi nzima. Ukoo wa Ackroyd, tumeondokewa pamoja nanyi.

Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani tunayemdai abaki vile alivyokuwa, kwa sababu tu sisi tumechoka kusikiliza?

Bryony ameniruhusu niwachezee kipande cha Jumatatu. Ni kifupi. Katikati mtamsikia anakosea, anakohoa, halafu anasema, "Aa, mbaya hii. Narudia."