Mama Bushira Anastaafu, Rangi Nyeupe Imetangulia

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba 2025, Mama Bushira Rajabu anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kuzitumikia Kliniki za Tulia, matawi ya Arua na Koboko. Uongozi umeniomba niandike jambo la kuchangamsha. Nitajitahidi, lakini nisiwafiche wenzangu: sisi wa mapokezi Koboko tuna wasiwasi, tena mkubwa.

Alianza mwaka 1996 kama mpiga chapa katika tawi la Arua, kule mtaa wa Oli, wakati kliniki ilikuwa vyumba viwili na kibaraza. Kompyuta ya kwanza ilipofika, wenzake waliifunika kitenge wakawa wanaizunguka kwa mbali. Yeye akaifunua. Kuandika programu alifundishwa na fundi mmoja Mkongo aliyekuwa akitengeneza redio sokoni, na mengine akajifundisha mwenyewe kwa ukaidi. Programu ya wagonjwa tunayoitumia leo ni kazi ya mikono yake. Umeme ukianza kuchezacheza, alikuwa akipiga kelele "Hifadhi!" ukumbi mzima ukasikia, hata wagonjwa wa kila mwezi wakazoea, wakawa wanatuhimiza wao.

Ana hasira za karibu, jamani, tusidanganyane. Ukigusa kompyuta yake na mikono ya mandazi utajuta. Lakini hasira hizo huisha kabla ya chai ya saa nne, na chai yenyewe humimina yeye.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa dirisha dogo la kuandikia maelezo. Ukibofya jina la mgonjwa, dirisha linafunguka: juu pana nafasi ya maandishi, chini pana rangi za kuchagua, halafu vitufe viwili, Hifadhi na Ghairi. Rangi uliyochagua inatokea kando ya jina, na matawi yote mawili yanaiona. Mama Bushira aliipanga nyeupe iwe ya kwanza, dirisha likifunguka iwe imekwisha kuchaguliwa, kwa sababu karatasi ni nyeupe. Arua walilijaribu wiki nzima wakalisifu. Mwanzoni mwa Septemba akaja Koboko kutuwekea na sisi.

Hapa sina budi kueleza desturi ya tawi letu. Mgonjwa akifariki, hatutaji jina lake ukumbini. Tangu zamani tunafunga utepe wa kitambaa cheupe, kipande cha sanda, kwenye faili lake, na kila anayeuona hushusha sauti. Jamaa huitwa pembeni, huketishwa, hupewa chai ya maziwa kwanza, ndipo mkubwa wa zamu aje aseme neno. Arua hawana desturi hiyo, na sisi hatukuwahi kuwaambia. Tulidhani ndivyo ilivyo kila mahali.

Asubuhi aliyokuja kutuwekea, Keji, mama mjamzito tuliyempeleka Arua kwa sababu ya presha, alikuwa huko akisubiri kujifungua. Muuguzi wa Arua aliandika kwamba amehamishiwa wodi ya pili na mumewe alete nguo za mtoto. Hakuchagua rangi, akahifadhi. Kwetu, kando ya jina la Keji pakatokea weupe. Hakuna aliyesoma maneno. Nani angesoma? Tulishusha sauti. Adrabo, mumewe, alikuwa benchi la mbele akingoja habari. Tukamwita pembeni, tukampa chai. Mtu wa Koboko haelezwi maana ya chai ile. Kikombe kilimponyoka, akalia akimwita mkewe, ukumbi wote ukasimama.

Mama Bushira alikuwa chini ya meza akiunganisha waya. Alitoka akauliza kuna msiba gani, tukamwonyesha kwenye kompyuta. Uso ulimbadilika. Akatuambia nyeupe ile haina maana yoyote, ndivyo dirisha linavyofunguka tu. Alisoma maneno ya muuguzi, lakini hata yeye hakuwa na hakika, huenda yaliandikwa kabla ya msiba. Je, kama ni kweli? Simu ya wodi ya Arua iliita ikakatika, ikaita tena ikakatika. Hakuna aliyethubutu kumtazama Adrabo.

Hatimaye ikapokewa. Tuliomba tupewe Keji mwenyewe, tukaiweka simu sikioni mwa mumewe. Sauti ilisikika hadi kwangu: "Kwani mimi imekufa saa ngapi? Mimi iko hapa, na njaa iko! Leta nguo ya mtoto!" Adrabo alicheka na kulia kwa pamoja. "Hii ni mutu yangu kabisa," akasema, akatoka mbio kutafuta gari la kwenda Arua. Alifika, na mtoto wa kike akazaliwa mzima.

Mama Bushira hakucheka. Alituambia kwamba mama yake mzazi alizikwa kwa sanda nyeupe mbele ya macho yake, na bado alipoutazama weupe ule kwenye kompyuta aliona karatasi tu. Lilimuuma sana jambo hilo. Alipaswa kustaafu mwishoni mwa Septemba, akaomba aongezewe mwezi. Mwezi huo alikaa nasi, wauguzi, wafagizi na akina mama wa wodini, akituuliza kila rangi inatuambia nini. Sasa dirisha linafunguka bila rangi yoyote, na Hifadhi haibofyeki mpaka uchague. Kila rangi imeandikwa maana yake. Nyeupe imeondolewa kabisa, na habari ya msiba itaendelea kusemwa na binadamu, kwa mdomo.

Ndiyo maana tunaogopa. Ni nani ataliona kosa jingine likijificha? Juzi nilimwambia hivyo waziwazi. Akanikalisha kwenye kiti chake, akaniagiza niandike maelezo ya mgonjwa wa kweli. Niliandika, nikachagua rangi, kidole kikasita. Nikageuka ili anikague. Alikuwa ameipa kompyuta mgongo makusudi, anatazama nje dirishani, na hakugeuka mpaka nilipobofya.

Mama Bushira, asante kwa kazi, kwa ukali, na kwa mwezi ule wa ziada. Mungu akupe afya na usingizi usio na simu za Koboko. Maisha yako ya nyumbani yawe mema na marefu. Tunaogopa, lakini tutabofya.

Nora Drani, Mapokezi, Koboko