Barua Saba za Baba Yenu

Wanangu, vuteni viti mkae karibu na kitanda, msinifanye nipaze sauti, maana sauti yenyewe ndiyo hii iliyobaki, na nitakayoyasema leo yamenikaa kifuani miaka mitano kama mfupa.

Mmekua mkijua kwamba baba yenu alikwenda kufanya kazi mgodini, akaoa huko, akatusahau. Wewe mwanangu, ulipoletewa habari za msiba wake, mimi nikiwa bado kazini, ulisema, "Siendi kumzika mtu nisiyemjua," nami sikukukemea. Nilikosa. Baba yenu hakututupa.

Sikilizeni ilivyokuwa. Alipoondoka, mmoja wenu alikuwa anatambaa, mwingine alikuwa tumboni, na mimi sikuijua hata herufi moja. Kwa miaka miwili zilikuja barua saba, na aliyenisomea ni wifi yangu, huyuhuyu shangazi yenu, niliyempenda kuliko dada zangu wa tumbo moja. Alikuwa akiketi ukingoni mwa kitanda, anakohoa kidogo, kisha anasoma: kazi ni ngumu, vumilia; mahali pa kukaa hakuna, vumilia. Ile ya saba aliisoma huku analia: "Wifi yangu, kaka ameoa. Anasema usimsubiri." Tukakumbatiana tukalia pamoja. Na majibu yangu yote aliyaandika yeye.

Basi nikaenda kufua mashuka ya hospitali, miaka thelathini na minne, mikono ikichubuka kwa dawa, na kila shuka lilikuwa na mhuri kwenye pindo, nikausugua mhuri ule nisijue unasema nini. Nilikuwa na ndoto ya kuwa fundi cherehani. Nikajiambia ndoto ni za wenye waume.

Nilipostaafu nikajiandikisha darasa la watu wazima. Binti yangu, ulinicheka: "Mama, miaka sitini na sita! Unataka uwaziri?" Hata mimi nilicheka, lakini sikutaka kufa nikiwa kipofu mwenye macho. Mwaka wa pili, mchana mmoja wa mvua, nikazitoa zile barua sandukuni nijipime, kidole chini ya kila neno. Ya kwanza ilisema: "Mke wangu, nimepata chumba chenye madirisha mawili, njoo na mtoto." Ya nne: "Hapa kuna mama ana karakana ya kushona sare, nimempa habari zako, cherehani inakungoja." Ya saba: "Umeniandikia kwamba huji, na nisikuandikie tena. Sikulazimishi. Wasalimie watoto."

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo nilikuwa nimeivaa karibu miaka arobaini.

Nilimkuta shangazi yenu uani anakunja nguo. Nikamsomea ya saba kwa sauti, nikikwama kama mtoto wa shule. Hakukana. Alisema, "Ungeondoka na watoto, mimi ningebaki na nani nyumba hii?" Basi. Hata pole hakunipa. Tangu siku ile tumekula meza moja, tukiombana chumvi, nanyi mkitusifu kwamba hamjaona mawifi wapatanao kama sisi.

Mtauliza kwa nini nilinyamaza. Nilipokuwa kazini, yeye ndiye aliyewaogesha. Binti yangu, ulipougua surua, yeye ndiye aliyekesha nawe. Ningewaambia, mngempoteza mama wa pili kwa siku moja. Na mimi pia nina lawama yangu: mtaa mzima ulijua kusoma, hata muuza mkaa, na sikumpelekea yeyote barua moja anisomee, kwa sababu kumshuku ndugu niliona dhambi. Hilo ndilo juto langu, wanangu, linaniuma kuliko uongo wenyewe.

Lakini majuto hayashoni nguo. Nilinunua cherehani yangu mgongo ukiwa tayari unanikataa, nikajifunza kwa fundi mwenye umri wa mjukuu wangu, aliyenikemea kila nilipopinda mshono, na nimeshona sare za watoto wa mtaa huu hadi mwezi uliopita. Ndoto ikichelewa haiozi kama nyanya. Msikubali mtu awaambie umri umekwisha, hasa mtu huyo akiwa ninyi wenyewe.

Sasa shikeni neno langu. Cherehani ni ya yeyote atakayekaa chini ajifunze, awe binti au mwana. Nyumba ni yenu wawili, ila chumba cha shangazi yenu ni chake mpaka siku yake, na atakayemfukuza hana radhi yangu. Msiseme mama alimsamehe. Msamaha nimeutafuta kama sindano iliyodondoka sakafuni, bado napapasa. Barua zigawaneni. Nendeni mkalitafute kaburi la baba yenu, mmwambie lile jibu halikuwa langu, mimi ningekuja, ningekuja hata kwa miguu...

Nipeni maji kidogo. Inatosha.

Nawatakia mkono usiochoka na moyo usiokata tamaa. Mpendane, lakini kila mtu ajisomee barua zake mwenyewe. Radhi zangu... zote... ni zenu.

Sasa mwiteni shangazi yenu. Yuko chumbani kwake, anajua ninachosema. Mwekeeni kiti hapa, upande wa mkono wangu. Sijui kama nitaushika wake.

Mwiteni tu.