Tundu Lilihamia Kushoto

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemezwa ukuta wa duka la Kinyozi. Guu lake moja ni fupi, kwa hiyo kila anayekaa huteleza polepole kuelekea kwa Bwana Birika, muuza kahawa, na biashara ya Bwana Birika inakwenda vizuri. Wenyeji wengine ni Kinyozi mwenyewe, ambaye wateja humngoja ndani huku yeye akibishana nje, na Injinia, fundi redio ambaye redio yake haijawahi kusema kitu. Wa nne ni mimi. Waliniita Kapteni siku niliyonunua gari bovu la kusambazia mikate, nikatangaza kwamba nitaligeuza kuwa nyumba ya kusafiria. Mke wangu ana mgongo mbovu, kiti cha basi hakiwezi, na dada yake mkubwa, aliyemlea kama mama, anaumwa huko mbali na kila wiki anampigia simu aende. Basi nikamjengea kitanda ndani ya gari, alale njia nzima. Kitanda kilikwisha zamani. Ikabaki dari, na hiyo dari, ndugu zangu, ndiyo iliyonivua nguo.

Jioni moja nilifika na ubao wa dari kwapani.

— Kapteni, tundu mbona liko upande huo? — Kinyozi aliuliza kabla sijakaa.

— Limehama.

— Limehamaje? Tundu lina miguu?

Nikawaeleza. Juu ya paa nimeweka kidirisha cha hewa, na ubao wa dari lazima uwe na tundu la kukizunguka. Niliulaza ubao chini, nikapima, nikachora tundu kulia, nikakata vizuri kabisa. Nilipouinua kuubandika, upande uliokuwa unatazama juu ukawa unatazama chini, na tundu likahamia kushoto.

Hakuna aliyecheka mara moja. Walinipa muda wa kujisikia mjinga mwenyewe, halafu ndipo wakacheka.

— Si uugeuze tu? — Bwana Birika akasema.

— Nikiugeuza, upande wenye mafundo na mihuri ya kiwandani ndio utatazama watu. Shemeji zangu wakiingia wataanza kusoma dari.

— Huu si ndio ubao wa tatu? — Injinia akauliza.

— Wa tatu. Wa kwanza ameuua Kinyozi.

— Mimi?

— Tundu lilikuwa dogo. Ukaniambia nichonge kidogokidogo.

— Nilikupa moyo! Nilikwambia bandu bandu huisha gogo.

— Na gogo likaisha kweli. Tundu likawa kubwa kuliko kidirisha. Wa pili ni Injinia. Alisema skrubu ni ushamba, nitumie gundi. Nikagundisha, nikakaa chini yake kuutazama.

— Ikawaje?

— Ukanitua utosini.

— Wahenga walishasema, — Injinia akanyanyua kikombe, — aliye juu mngoje chini. Wewe ulingoja, tatizo hukukwepa.

Kinyozi akauchukua ubao, akaupitishia kiganja kama anayetafuta mba.

— Sikilizeni. Dari ni kichwa. Kichwa lazima uanzie utosini. Kidirisha ndicho utosi. Ungeanza pale ukashuka kuelekea masikioni, usingepotea.

— Gari lina masikio? — nikauliza.

— Vioo vya pembeni ni nini?

— Achana na huyo, — Injinia akasema. — Tundu la ubao liko sawa. Paa ndilo limekosea. Toboa paa hapo kushoto.

— Lile la kulia je?

— Liache. Hewa iingie huku, itokee kule. Hata mvua ikiingia kwa tundu moja itatokea kwa jingine.

— Toboa na la tatu katikati, — Kinyozi akadakia. — Gari litakuwa jepesi, mafuta yatabaki mpaka uyarudishe kituoni.

Bwana Birika, ambaye kwa kawaida hana makuu, akaweka birika chini.

— Jamani, dari inawashinda kwa sababu iko juu. Ikiwa chini inaitwa sakafu, na sakafu kila mtu anajua kupiga. Pindueni gari matairi juu. Kapteni apigilie amekaa. Akimaliza, mnaligeuza tena.

— Na kitanda?

— Kitanda kitangoja juu. Penye nia pana njia.

Na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikaanza kufikiria majirani gani wana nguvu za kupindua gari.

Ndipo mke wangu akatokea, mkono kiunoni, akija taratibu. Hajawahi kukanyaga kijiweni kwetu. Bwana Birika alifuta benchi mbiombio.

— Karibu, shemeji! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Ahsante, mashemeji. Nikikaa sitainuka. — Akanigeukia. — Mwenzangu, dada kapiga simu tena. Sauti imekuwa ndogo.

— Ni hii dari tu, — nikasema.

— Kitanda si kimekwisha?

— Kimekwisha.

— Gari linawaka?

— Linawaka.

— Kidirisha kinapitisha mvua?

— Hakipitishi.

— Basi dari inafanya kazi gani?

Kinyozi alimtazama Injinia. Injinia alinitazama mimi. Mimi nikautazama ubao.

— Ni kwa ajili ya macho, shemeji, — Injinia akajaribu. — Mtu akilala akitazama juu…

— Mimi nikilala hufumba macho.

— Haraka haraka… — Kinyozi akaanza, akaishia hapo.

Ikabidi niseme ukweli.

— Sitaki ndugu zako waone gari lina mbavu nje. Watasema umeolewa na mtu gani.

— Hilo walishalisema siku ya harusi. — Kisha akashusha sauti. — Dada ananingoja mimi. Hangoji dari.

Niliona aibu, na chini ya aibu nikaona woga: kwamba nikiwa bado nahangaika na gundi, ingekuja simu ambayo si ya dada. Nikanyoosha kikombe kwa Bwana Birika, angalau nipate muda wa kutafuta la kujibu. Akainamisha birika. Yakatoka matone machache na machicha.

— Imekwisha, Kapteni. Nenda nyumbani.

Asubuhi tuliondoka bila dari. Ubao niliuacha pale pale kwenye benchi, na tulipokaribia kijiwe nikaona wameshaulaza juu ya matofali, umekuwa meza. Ndani ya tundu wametumbukiza ndoo ya kuoshea vikombe, imekaa barabara, ukingo kwa ukingo.

— Imeingia pap! — Injinia alipiga kelele. — Kapteni, fundi ni wewe!

Nyuma yangu, kitandani, mke wangu alicheka mpaka akashika mgongo. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu dada aanze kuugua. Nami nilitamani kusimama kidogo tu, niwaeleze kwamba wakichonga upande wa kulia ndoo itakaa vizuri zaidi. Mguu ulikwishafika kwenye breki.

— Mwenzangu, — sauti ikatoka kitandani.

Nikakanyaga mafuta.